Weusi Usiokuwa Maji

Kwenye picha ya rada, uwanja wa ndege wa Eldoret ni bwawa. Ukanda wake wa lami, wenye urefu wa karibu kilomita tatu na nusu, hutokea mweusi tititi katikati ya mashamba ya kijivu, umenyooka, hauna chembe ya nuru. Asiyezoea ataapa kwamba pale pana maji. Aliyezoea hutazama mara moja, akaufuta, akaendelea na kazi.

Rada ya setilaiti haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe ardhini kwa mshazari, kisha husikiliza kinachorudi. Setilaiti za Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hupita juu yetu katika kimo cha kilomita 693 hivi. Wimbi lake lina urefu wa sentimita tano na nusu hivi, nalo hupenya mawingu ya masika na giza la usiku bila taabu. Likikutana na mabonge ya udongo, mahindi, mabati au miti, hutawanyika, na sehemu yake hurudi lilikotoka. Hapo picha huwa ya kijivu au nyeupe. Likikutana na maji yaliyotulia, huteleza lote mbele kwa mbele. Hapo picha huwa nyeusi. Lami hufanya vivyo hivyo. Na shamba la ngano kule Moiben au mahali paitwapo Ziwa, likishapigwa haro likalainika na kukauka, nalo hufanya karibu vivyo hivyo.

Habari za nchi kugawana data za setilaiti wakati wa maafa kwa kawaida husimuliwa kwa lugha ya mikataba na vikao, na vikao hivyo vina heshima yake. Lakini nchi moja inapompa jirani yake picha ya mafuriko, imempa weusi na weupe tu. Kujua weusi upi ni maji, na maji yapi ni ya msiba, ni ufundi wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kwa subira. Nataka kuutazama ufundi huo kwa karibu, kwa kuwa nauona kuwa miongoni mwa kazi nzuri zaidi zinazofanywa na watu wa ukanda huu, na ni wachache wanaoijua.

Eldoret panafaa kuutazamia kwa sababu maji yanaanzia huku. Sosiani unaokatiza katikati ya mji huingia Kipkaren, Kipkaren ukaingia Nzoia, na Nzoia, ambao pia hukusanya maji ya Cherangani na ya upande wa Kenya wa Mlima Elgon, hushuka hadi Budalang'i, huko Bunyala, na kumwagika Ziwa Viktoria. Eneo lote linalomiminia mto huo maji ni karibu kilomita za mraba 13,000. Mvua inayomfurahisha mkulima wa Kesses anayesubiri kupanda mahindi huweza, siku chache baadaye, kupanda juu ya matuta ya kuzuia mafuriko kule Bunyala. Ilikuwa hivyo mwaka 2003, 2007, 2011. Mwaka 2020 mto ulivunja kingo wakati ziwa lenyewe nalo limejaa: Mei mwaka huo, kimo cha Ziwa Viktoria kilipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na wakazi wa Kenya, Uganda na Tanzania wote waliona maji yakiingia nyumbani mwao kutoka upande ambao hawakuuzoea.

Basi fundi wa ramani ameletewa picha ya Bunyala. Anaanzaje?

Anaanza kwa kutafuta picha nyingine. Picha moja ya mafuriko haina maana bila picha ya siku ambazo hapakuwa na mafuriko, na picha hiyo ya pili haiokotwi ovyo. Lazima setilaiti iwe imepita njia ileile, ikitazama upande uleule, kwa pembe ileile. La sivyo tofauti atakazoziona zitakuwa za macho ya rada, si za ardhi. Tena iwe ya majira yanayofanana, maana ukilinganisha Mei iliyojaa mahindi na Februari iliyo tupu, utaambiwa kwamba kaunti nzima imebadilika. Nimejifunza kumheshimu mtu anayetumia muda mrefu kuchagua picha ya kabla kuliko ya baada.

Kisha anatuliza chengachenga. Picha ya rada huja imejaa vitone vyeupe na vyeusi vinavyotokana na mawimbi kugongana, na vitone hivyo vikiachwa, kila shamba litaonekana lina vidimbwi. Anavilainisha kwa kuchukua wastani wa majirani, na hapa mkono mzito huharibu: ukilainisha kupita kiasi, mfereji mwembamba wa maji kati ya nyumba hutoweka, na pengine huo mfereji ndio uliokata njia ya kwenda zahanati.

Baada ya hapo anagawanya picha ya baada kwa picha ya kabla, kwa desibeli, ambako weusi una namba hasi kubwa zaidi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoitwa UN-SPIDER, iliyoundwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 2006, imetoa mwongozo wa kazi hii ambao mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuufuata. Mwongozo huo unashauri kizingiti cha 1.25: panapozidi hapo, pashukiwe kuwa na maji. Mwanafunzi huipokea namba hiyo akaiacha ilivyo. Fundi huijaribu, akaipandisha kidogo, akaishusha, akitazama kila mara sehemu tatu nne anazozijua kwa hakika, mpaka mto ukae mahali pa mto na shule ikae nchi kavu.

Sasa ana ramani iliyojaa uongo mdogo mdogo, naye huipepeta kama mama anavyopepeta mtama kwenye ungo, pigo baada ya pigo, hadi kibaki chenye uzito. Kwanza huondoa maji ya siku zote: mahali popote penye maji zaidi ya miezi kumi kwa mwaka hapahesabiwi mafuriko. Kisha huondoa miteremko inayozidi asilimia tano, kwa kuwa maji hayasimami mlimani, na weusi ulioko huko ni kivuli. Mwisho huondoa vipande vilivyojitenga vyenye pikseli chini ya nane.

Mtu akitazama vichujio hivyo ataona nchi ngapi zimekaa ndani ya kazi ya asubuhi moja. Ramani ya maji ya siku zote ilitengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kutokana na picha za Landsat za Marekani zilizokusanywa tangu 1984. Ramani ya miinuko ilitokana na chombo cha anga Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 Februari 2000 kikiwa na rada za Marekani, Ujerumani na Italia. Picha yenyewe ya rada ni ya Ulaya, na ilishushwa kwenye mojawapo ya vituo kama Matera kule Italia au Svalbard kule Norwe. Vyote hivyo vinamfikia mtu wa Eldoret bila kulipa hata senti, naye anavitumia kutenganisha ziwa la samaki na shamba la mkulima.

Lakini mwongozo haujui Uasin Gishu wala Bunyala, na hapo ndipo ufundi unapoanza kwa kweli.

Machi na Aprili, trekta hupita Moiben, Ziwa na Turbo likipiga plau, na udongo uliopinduliwa hung'aa kwenye rada kwa sababu ya mabonge yake. Wiki mbili baadaye shamba lilelile limepigwa haro, limepandwa, limekuwa laini. Nuru imeshuka. Kwa hesabu ya kizingiti, shamba hilo limefurika. Kwa macho ya mwenye shamba, limependeza. Na msimu huo ndio msimu wa mafuriko ya kweli kule chini. Anayezijua kalenda za wakulima wetu hutazama umbo: mafuriko hufuata mabonde na kujipinda, shamba lina pembe nne. Alama rahisi, lakini imefuta mafuriko mengi ya uongo.

Bunyala kuna kinyume chake. Kuna skimu ya umwagiliaji inayotumia maji ya Nzoia kukuza mpunga, na mpunga hukaa majini kwa makusudi. Weusi wake ni maji kweli, ila si maafa. Jirani ya hapo kuna mafunjo, na mafunjo yaliyosimama ndani ya maji huzidi kung'aa badala ya kuwa meusi, maana wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi moja kwa moja kwa aliyelituma. Mahali penye maji mengi zaidi huweza kuwa ndipo peupe zaidi. Upepo nao ukipiga maji yaliyosambaa, mawimbi madogo huyafanya yaonekane ardhi. Kila sheria ya rada ina mahali inapovunjika, na fundi mzuri anazo sehemu hizo kichwani.

Ndiyo maana hupiga simu. Mazungumzo ya namna hii hayamo kwenye mwongozo wowote, lakini bila hayo ramani ni kisio:

"Chifu, habari ya asubuhi."

"Njema, mwalimu. Ni maji tu yanatusumbua huku."

"Poleni sana. Kwangu huku naona soko liko kavu, na upande wa mashariki wa barabara pia uko kavu."

"Soko ni kavu, hiyo ni kweli. Lakini mashariki si kavu, mwalimu. Maji yako ndani ya mahindi. Ukisimama barabarani unaona majani tu, ukiingia yanakufika magotini."

Chifu hajawahi kuona picha ya rada, lakini ameshamweleza mwenzake udhaifu wake. Mahindi marefu yalikuwa yakirudisha wimbi kabla halijafika majini. Sehemu ile hupakwa rangi nyingine kwenye ramani, na maelezo pembeni husema kwamba imetokana na taarifa ya mashinani.

Picha hizi hazikuwa za bure siku zote. Picha za kwanza za Landsat zilipigwa mwaka 1972, na miaka mitatu baadaye, 1975, kikaundwa Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani ambacho leo huitwa RCMRD, kiko Kasarani, na wanachama wake ni nchi 20 za mashariki na kusini mwa Afrika. Wataalamu walikuwepo basi, na setilaiti zilikuwepo. Kilichokosekana ni bei ya mtu wa kawaida. Hadi mwaka 2008, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600 za Marekani, na kama nilivyoeleza, moja haitoshi. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa hizo picha zote bure, za zamani na mpya. Ulaya ilipoanza kurusha setilaiti za Sentinel, ikafuata njia hiyohiyo. Naamini uamuzi huo wa kuacha kuuza umeokoa watu wengi kuliko setilaiti yoyote mpya, kwa sababu ufundi hukua kwa kurudia, na hakuna anayeweza kurudia kitu anachokinunua kwa dola 600.

Upande wa sheria, Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1986 kanuni kuhusu upigaji picha za dunia kutoka anga za juu, na mojawapo inazitaka nchi zenye data zinazoweza kuifaa nchi iliyokumbwa na maafa, au inayokaribia kukumbwa, ziipe haraka iwezekanavyo. Kanuni hiyo ilipata mikono na miguu Vienna mwaka 1999, mashirika ya anga ya Ufaransa na Ulaya yalipopendekeza mkataba wa kuchangia setilaiti wakati wa maafa makubwa. Kanada ikajiunga, na tangu Novemba 2000 mkataba huo unafanya kazi: nchi ikiomba, setilaiti za wanachama huelekezwa kwake, na picha hutolewa bila malipo. Kuna afisa anayepokea maombi saa zote za usiku na mchana. Tangu 2012 nchi yoyote, hata isiyokuwa mwanachama, inaweza kuidhinishwa kuomba.

Kenya nayo haipokei tu. Kule pwani, Malindi, Waitaliano walijenga kituo ambacho Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, kilirusha setilaiti ya kuchunguza nyota iliyopewa jina la Uhuru. Aprili 2023 nchi ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kiutendaji ya kutazama ardhi. Ilikuwa ndogo, na macho yake hayakufikia ya Sentinel. Nadhani faida yake kubwa ni kwamba wahandisi wetu sasa wanaijua data kutoka upande wa kuizalisha, na wakipokea ya wenzao wanajua wapi pa kuitilia shaka.

Kuna kitu kingine tunachotoa, na hakitajwi inavyostahili: mvua ya kwenye kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi, kwenye vituo vya Idara ya Hali ya Hewa kama kile cha uwanja wa ndege wa Eldoret, mtu husoma mvua iliyokusanywa katika saa 24. Namba hiyo huingia kwenye mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na wenye setilaiti huisubiri. Maana setilaiti haioni mvua ikigonga ardhi. Inaona joto la ncha za mawingu, au mnururisho wa matone hewani, kisha inakisia. Setilaiti ya TRMM, ya Marekani na Japani, ilifanya kazi hiyo kuanzia 1997 hadi 2015, na makadirio yake yalijaribiwa hapa hapa kwenye bonde la Nzoia: watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walichapisha mwaka 2009 na 2011 kazi zilizoonyesha namna ya kukisia mafuriko ya mto huu kwa mvua iliyopimwa kutoka angani. Bonde letu likawa darasa.

Na darasa hilo lina mtihani mgumu. Warithi wa TRMM hugawanya dunia katika miraba ya takriban kilomita 11. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kubeba Iten yenye baridi, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, pamoja na mteremko wote wa Tambach hadi karibu na joto la Bonde la Kerio. Mvua ya juu na mvua ya chini zinapewa namba moja. Mtu anayesoma kipimamvua juu ya ukingo ndiye anayeitenganisha namba hiyo, na kituo kimoja kikifungwa, hakuna setilaiti inayojaza pengo lake.

Bonde la Kerio, pamoja na milima ya jirani, ndilo linalomtesa fundi wa rada kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, udongo uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukaua zaidi ya watu 20; majeruhi waliletwa Eldoret kwa ndege. Miaka sita kabla, Novemba 2019, Nyarkulian, Parua na vijiji vingine vya Pokot Magharibi vilipoteza zaidi ya watu 40 usiku mmoja. Kwenye misiba hii, kichujio cha mteremko kilichosaidia Bunyala hakifai tena, kwani kingefuta mlima wenyewe. Isitoshe, ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki. Sentinel-1 ikipita alfajiri hutazama kuelekea magharibi, uso kwa uso na genge, na mwangwi wa kilele hurudi kabla ya mwangwi wa chini: mlima unajikunja juu yake wenyewe kwenye picha, vijiji vya mteremkoni vikafichwa ndani ya mkunjo. Ikipita jioni hutazama kutoka upande wa pili, na mteremko uleule hunyooka ukasomeka. Ng'ambo ya mto Kerio, kwenye milima ya Tugen, mambo yanageuka. Kwa hiyo anayetafuta kovu la maporomoko huanza kwa kuuliza swali ambalo mtu wa nje hawezi kulifikiria: picha hii ilipigwa alfajiri au jioni?

Mara nyingi huishia kungoja picha za kawaida za rangi, za Sentinel-2, ambazo hurudi kila siku tano zikiwa na pikseli za mita kumi. Kovu la maporomoko lenye upana wa mita ishirini ni pikseli mbili. Analitafuta kwa kulinganisha ukijani wa kabla na wa baada, akipenya kwenye matundu ya mawingu, siku baada ya siku, tundu hili leo na lile kesho. Kila mstari wa kahawia anaufuata hadi juu unakoanzia, kwa sababu barabara mpya nayo ni kahawia, lakini barabara haianzi ghafla mlimani na kupanuka kuelekea mtoni.

Mlima Elgon unamlazimisha afuate mstari huo hadi nchi nyingine. Machi 1, 2010, udongo ulifunika kijiji cha Nametsi kule Bududa, upande wa Uganda. Novemba 2024 msiba wa namna hiyo ukaipiga Bulambuli. Udongo wa mlima huo ni mmoja, mvua yake ni moja, na orodha ya makovu ya Uganda humfundisha Mkenya mteremko wa aina gani huachia. Ninavyoona mimi, hapa ndipo kugawana kunapobaki nyuma. Picha zinavuka mpaka kwa urahisi. Orodha za makovu, vipimo vya mito na kumbukumbu za vijiji bado hukaa kwenye kabati za ofisi, kila nchi na zake. Picha ya Ulaya hufika Eldoret siku ileile. Kipimo cha mto wa jirani huweza kuombwa kwa barua.

Tena kuna fedha. Tangu 2008, RCMRD ilikuwa mwenyeji wa mpango wa SERVIR, uliounganisha data za NASA na fedha za USAID, na vijana wengi wa kanda walinolewa hapo. Mwaka 2025 USAID ilivunjwa. Picha hazikukoma, lakini mishahara ya wanaozisoma ndiyo iliyotikisika, na serikali zetu zingepaswa kuiona mishahara hiyo kuwa sehemu ya maandalizi ya mvua, pamoja na mabomba na matuta.

Ramani ikiisha, fundi huandika maneno madogo kwenye ukingo wake. Kituo cha Umoja wa Mataifa cha UNOSAT, ambacho ramani zake huonekana karibu katika kila mafuriko ya kanda hii, hueleza kwenye ramani zake kwamba uchambuzi ni wa awali, haujahakikiwa mashinani, na huomba aliyeko huko atume maoni. Wasomaji wengi huyaruka maneno hayo. Mafundi niwapendao huyachukua kwa uzito wake wote: hutuma ramani Bunyala au Marakwet, kisha hungoja kusahihishwa. Jibu zuri lina tarehe, saa, jina la kijiji, na kimo cha alama ya tope ukutani kikipimwa kutoka sakafuni. Jibu kama hilo likifika, kijiji kimoja huondolewa kwenye mafuriko, viwili huongezwa, na kwenye kona ya chini ya ramani huandikwa: toleo la pili.